Sherehe ya Bahari: Mwongozo Kamili wa Mapambo, Michezo na Zawadi za Kutengeneza Nyumbani kwa Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto

Anayekwenda Kariakoo kutafuta vifaa vya sherehe ya mtoto bila orodha mkononi hurudi na mifuko miwili ya vitu visivyojuana: baluni za rangi tano, sahani zenye picha ya katuni ambayo mtoto mwenyewe haijui, kofia za karatasi zinazochanika kabla keki haijakatwa, na filimbi ambazo jirani hatazisahau kwa wiki nzima. Fedha imekwenda na sherehe bado haina sura. Mada moja, ikishikwa tangu kadi ya mwaliko hadi zawadi ambayo kila mtoto anaondoka nayo, hupunguza gharama kwa sababu kazi yake kubwa ni kukuambia usinunue nini.

Katika mwongozo huu mada ni bahari. Nimeichagua kwa kuwa takataka za nyumba ya kawaida, yaani katoni, ndala zilizokatika, magazeti, ufagio wa chelewa na mifuko ya wavu ya vitunguu, zinageuka vitu vya bahari kwa kazi ndogo sana, na kwa kuwa mtoto wa Tanga au Mombasa anaijua bahari kwa macho, wakati mwenzake wa Dodoma anaijua angalau kwa samaki aliyemwona sokoni. Vipimo vyote vimepangwa kwa watoto 12 wa miaka 4 hadi 8 na kwa sherehe ya saa tatu, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Watoto wakizidi, ongeza zawadi na samaki wa mchezo. Mapambo hayahitaji kuongezwa.

Vya kununua na vya kukusanya

Nilipomfanyia mwanangu wa pili sherehe hii alipotimiza miaka 6, ukiacha chakula na keki, nilinunua vitu vinane tu: karatasi sita za manila, mikunjo mitatu ya karatasi za kreponi (miwili ya buluu na mmoja mweupe), karatasi za kaki, chupa moja ya gundi nyeupe ya seremala, selotepu pana, pakiti moja ya vijiti vya mishikaki, boksi moja la klipu za karatasi, na pakiti chache za buluu ya kufulia nguo nyeupe. Manila na kaki hupatikana katika duka lolote la vifaa vya shule, na bei yake ni ndogo kuliko ya pakiti moja ya mapambo yaliyotengenezwa kiwandani.

Vilivyobaki vinakusanywa, na ukusanyaji unataka muda, ndiyo maana kazi inaanza wiki tatu kabla. Omba katoni kubwa, ya friji au ya runinga, kwenye duka la vyombo vya umeme, na uende asubuhi kabla wakusanyaji wa maboksi hawajapita. Omba mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani wako. Vipande vya ukubwa wa kiganja vinatosha. Kwa fundi redio omba spika mbili zilizokufa, kwa sababu tunahitaji sumaku zake. Nyumbani tenga magazeti, trei mbili za mayai, mfuko wa wavu wa vitunguu, njiti thelathini hivi za ufagio wa chelewa usiotumika tena, na pea mbili za ndala kuukuu za mtu mzima. Ndala zioshwe kwa sabuni na brashi, kisha zikae juani siku nzima. Kabla ya kuzihesabu kuwa mali, zitie kwenye ndoo ya maji: ndala ya sponji huelea, lakini zile za plastiki ngumu iliyomiminwa kwenye kalibu baadhi yake huzama, na hizo hazitufai.

Jambo moja la usalama kuhusu wavu. Wengi hufikiria kutundika chandarua kikuukuu kama wavu wa mvuvi. Vyandarua vingi vya majumbani vimetiwa dawa ya kuua mbu, na si vizuri kuvining'iniza mahali ambapo watoto watavishika na kisha kula kwa mikono hiyohiyo. Mfuko wa vitunguu, ukipasuliwa upande mmoja na kutandazwa, unafanya kazi ileile.

Gundi ya unga na rangi ya buluu

Gundi nyeupe ya seremala itumike kwenye ngalawa peke yake. Kwa kubandika karatasi na katoni tutapika gundi ileile ambayo watoto wa zamani waliitumia kutengenezea tiara. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko huo taratibu huku ukikoroga, kisha punguza moto na uendelee kukoroga kwa dakika nne au tano, mpaka upate uji mzito unaong'aa kidogo na kuteleza kwenye mwiko. Tia kijiko kimoja cha chumvi ili usichache haraka, uache upoe, kisha uhifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Hukaa siku tatu au nne. Ukisikia harufu ya uchachu, mwaga na upike mwingine.

Rangi ya bahari inatoka kwenye sufuria hiyohiyo. Chota vikombe viwili vya gundi iliyopoa, tia buluu ya kufulia kidogo kidogo, na uzimue kwa maji mpaka ipakike kwa brashi au kwa kipande cha sponji. Buluu kidogo hutoa rangi ya maji ya ufukweni, na ikizidi hutoa rangi ya kilindini. Rangi hii ikikauka haitoki kwa kuguswa, lakini ikilowa itachafua nguo, kwa hiyo itumike kwenye mapambo na isipakwe kwenye chochote ambacho mtoto atakivaa au atakitia kinywani.

Ngalawa za ndala: zawadi ya kuondoka nayo

Naanza na zawadi kwa sababu ndicho kitu pekee kitakachobaki mikononi mwa wageni, na ndicho kinachostahili muda wako mwingi. Vifuko vya peremende huisha njiani kurudi nyumbani. Ngalawa inayoelea kwenye beseni, yenye tanga la kitenge, huchezewa kwa miezi. Wazo lenyewe lina ukoo mzuri: watoto wa pwani wameunda vyombo vya kuchezea kwa ndala kwa muda mrefu, na mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua jahazi zima la plastiki iliyotumika tena, Flipflopi, lililofunikwa kwa ndala zilizookotwa, ambalo mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar.

Hatua ya kwanza ni kukata. Ng'oa kanda za ndala. Kwa rula ya chuma na kisu kikali, kata soli kwa urefu upate vipande viwili vyenye upana wa sentimita 3, ukikwepa matundu ya kanda, kisha kata kila kipande upate viwili vyenye urefu wa sentimita 12. Soli moja hutoa viunzi vinne, hivyo soli tatu zinatosha watoto 12, na ya nne ni ya akiba. Kata kwa kupitisha kisu mara tatu au nne kwa nguvu ndogo. Ukilazimisha kukata mara moja, ukingo unapinda na chombo kitaelea upande. Kazi hii ni ya mtu mzima peke yake.

Hatua ya pili ni umbo. Chonga ncha zote mbili ziwe kali kama za mtumbwi, na upunguze kidogo kingo za chini. Usichimbe katikati. Nilijaribu kuchimba ili kufanana na mtumbwi wa kweli, na kilichotokea ni kwamba sponji ilidhoofika palepale mlingoti unapotakiwa kushika.

Hatua ya tatu ni ndubi, yaani mbao za pembeni zinazoelea na kuisawazisha ngalawa, na hapa usiruke. Ngalawa yangu ya kwanza niliitengeneza bila ndubi, kwa uvivu, nikaiweka kwenye beseni sebuleni. Feni ya dari ilikuwa inazunguka polepole kabisa, lakini tanga lilipopokea ule upepo mdogo chombo kililala ubavu papo hapo, tanga likanywa maji na mlingoti ukaelekea chini. Mwanangu alicheka kuliko nilivyopenda. Kiunzi chembamba chenye tanga refu hakina cha kukizuia kisipinduke, na hiyo ndiyo sababu wavuvi wetu hawaendi na mtumbwi mwembamba wenye tanga bila mbao za kuuzuia huku na huku. Basi kata vijipande viwili vya ndala vyenye urefu wa sentimita 7 na upana wa sentimita 1. Chukua njiti mbili za chelewa zenye urefu wa sentimita 14, zipitishe kwenye ubavu wa kiunzi zitokeze pande zote mbili kwa urefu sawa, moja mbele kidogo ya katikati na nyingine nyuma yake, kisha chomeka ndubi kwenye ncha zake. Toboa kwanza kwa msumari mwembamba, na utie tone la gundi nyeupe kila mahali njiti inapoingia. Ndubi zikae usawa mmoja na kiunzi: zikiwa juu sana hazigusi maji, zikiwa chini sana zinakinyanyua chombo.

Hatua ya nne ni mlingoti na tanga. Kata kijiti cha mshikaki kiwe na sentimita 14, na ncha kali uiondoe kabisa, kisha usugue mwisho wake kwa msasa. Toboa kiunzi theluthi moja kutoka mbele, lakini tundu lisipite hadi chini, utie gundi na kusimika mlingoti. Tanga ni pembetatu ya kitenge yenye upande mrefu wa sentimita 15 na pande mbili za sentimita 12. Pakaa kitenge gundi ya unga iliyozimuliwa, ukikaushe juani kikiwa kimetandazwa juu ya karatasi ya nailoni, kisha ukate. Kikikaushwa namna hii hakichanuki nyuzi na kinasimama vizuri. Gandisha upande mrefu kwenye njiti ya chelewa, ambayo ndiyo foromali, na uifunge foromali kwa uzi karibu na ncha ya mlingoti ikiwa imelala mshazari, ncha ya mbele ikielekea chini. Kona ya nyuma ya tanga ifungwe uzi mfupi hadi kwenye kiunzi. Huo ni demani, na mtoto wa miaka 7 ataelewa baada ya dakika mbili kwamba akiulegeza au kuukaza chombo kinabadili mwendo. Tanga likilowa litalegea, na likikauka litarudi.

Acha gundi ikauke usiku kucha, kisha jaribu kila ngalawa kwenye beseni. Kwa ngalawa 12 nilitumia jioni nne, nikikata zote siku ya kwanza, ndubi siku ya pili, na tanga siku mbili zilizofuata. Andika jina la mgeni ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 fupisha mlingoti uwe sentimita 9, na umwambie mzazi wake kwamba kuna kijiti.

Papa potwe wa katoni

Kila sherehe inahitaji kitu kimoja kikubwa ambacho mgeni anakiona akiwa mlangoni. Mara ya kwanza nilitaka nyangumi wa karatasi zilizobandikwa tabaka kwa tabaka juu ya baluni, kama inavyoonyeshwa kwenye video. Ilikuwa Aprili, masika imeshika, na tabaka la nne lilikuwa bado bichi siku ya tano. Siku ya saba lilikuwa na ukungu wa kijani. Katika hali ya hewa ya pwani kazi ya tabaka ifanyike miezi ya ukavu au isifanyike. Katoni haikuniangusha, na nilipoachana na nyangumi nikapata mnyama bora zaidi kwa mchezo.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anaweza kupita urefu wa mita 12. Katika maji ya Kisiwa cha Mafia, karibu na Kilindoni, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Pamoja na ukubwa huo hula vijidudu vya baharini na samaki wadogo, kwa kuogelea akiwa ameachama mdomo wake mpana ulio mbele kabisa ya kichwa. Mdomo huo ndio mchezo wetu: watoto watamlisha.

Pasua katoni kubwa upate ubao bapa wa sentimita 120 kwa 80. Chora uso wa papa ukiwa umeutazama kwa mbele: umbo pana kama yai lililolala, macho madogo yaliyo mbalimbali kwenye kingo kabisa, na mdomo wa upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 22. Watu wengi hukosea kwa kuchora macho makubwa karibu na pua, na papa akawa chura. Kata mdomo, kisha ubandike kingo zake kwa selotepu ili zisikwaruze mikono. Nyuma ya mdomo gandisha mfuko wa wavu wa vitunguu ili mipira iingie humo. Kwa mgongo, kunja vipande viwili vya katoni vyenye umbo la pembetatu na uvibandike nyuma kama miguu ya fremu ya picha. Tandika tofali au chupa ya maji iliyojaa juu ya kila mguu, la sivyo papa ataanguka kifudifudi kwa mpira wa tatu.

Mpake rangi ya buluu iliyokolea mara mbili, na tabaka la kwanza likauke kabla ya la pili. Madoa yake meupe usiyachore. Kila papa potwe ana mpangilio wa madoa usiofanana na wa mwenzake, na watafiti huwatambua kwa kupiga picha madoa hayo. Kwa hiyo andaa kisahani cha rangi nyeupe ya maji mlangoni, na kila mgeni anapofika achovye kidole gumba na kuweka doa lake, kisha uandike jina lake dogo kando. Mtoto anayesherehekea atabaki na papa mwenye madoa ya marafiki zake, na wewe utakuwa na daftari la mahudhurio. Weka beseni la maji na sabuni hapohapo.

Mipira ni gazeti lililofinyangwa liwe kama limau na kuzungushiwa selotepu, tengeneza 15. Kila mtoto apate mipira mitatu, wa miaka 4 na 5 wakisimama mita moja na nusu, wakubwa mita mbili na nusu. Usiweke mshindi. Hesabu mipira yote iliyoingia kwa pamoja na umwambie kila mmoja amechangia mingapi katika chakula cha papa; kilio hupungua sana.

Mchezo wa kuvua

Kwenye mabaki ya katoni na manila kata samaki 24 wenye urefu wa sentimita 12 hadi 15. Usikate samaki wa vitabuni wenye tabasamu. Kata wale ambao mtoto anawasikia jikoni: changu, pono, kibua, chewa, nguru. Nguru awe mrefu na mwembamba, pono awe wa kijani na buluu mwenye mdomo kama wa kasuku, chewa awe mnene na mwenye madoadoa. Mpe mtoto wako kazi ya kuwapaka rangi kwa krayoni. Atamaliza kumi na kuchoka, nawe utamalizia. Kila samaki abanwe klipu mdomoni, na klipu izungushiwe selotepu isichomoke.

Samaki wa 24 awe silikanti, na awe mmoja tu. Wanasayansi walimjua kwa mabaki ya mawe peke yake na kudhani ametoweka tangu zama za dinosauria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga kwa ajili yake. Atakayemvua asimulie habari hiyo kwa wenzake baada ya kunong'onezewa na mkubwa, na hiyo ndiyo iwe tuzo yake. Nilipofanya hivi, mvulana wa miaka 7 aliisimulia mara nne, na kila mara samaki aliongezeka urefu.

Fimbo ni ufito au mpini wa ufagio wa sentimita 70, na mshipi ni uzi mnene wa sentimita 60. Sumaku ya spika ndogo ya redio ni pete nzima. Ifunge mshipi katikati ya pete na uvute fundo kwa nguvu. Usitumie sumaku ndogondogo za vitufe, kwa sababu mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Fimbo mbili zinatosha, na watoto wapokezane wawili wawili. Bahari ni khanga ya buluu iliyotandikwa sakafuni na kuzungushiwa mto mmoja mmoja wa kitanda, na huhitaji hata tone la maji.

Vifuko vya samaki

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kifuko cha kaki si ubahili tena. Kata kaki kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 21. Kunja pande mbili fupi zikutane katikati na kupishana kwa sentimita moja na nusu, gandisha kwa gundi ya unga, kisha kunja kitako juu kwa sentimita 2 na ugandishe tena. Kifuko kikishajazwa, shika sehemu ya juu kama unayefunga kichwa cha gunia, uifunge kwa uzi sentimita 5 kutoka mdomoni, na uichanue. Hapo juu pamekuwa mkia, na kitako kimekuwa kichwa. Chora jicho.

Kabla ya kujaza, vipige chapa. Kata bamia kwa upana, uikaushe kwa kitambaa, uichovye kwenye rangi ya maji na kuigandamiza kwenye kaki. Bamia nyingi zina vyumba vitano, na kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kwa kawaida ana mikono mitano. Watoto hawahitaji kuambiwa ni nini. Bamia moja hupiga chapa kama ishirini kabla haijalainika.

Ndani tia visheti, kashata ya nazi au bisi. Waulize wazazi mapema kuhusu karanga, kwa kuwa wapo watoto wanaodhurika nazo. Ubuyu mwekundu ni mtamu, lakini unapaka vidole, na siku hiyo wamevaa nguo zao nzuri. Peremende ngumu za duara ziache kabisa ikiwa kuna wageni wa chini ya miaka 4.

Mapambo mengine, kwa haraka

Vikombe vya trei ya mayai, vikikatwa kimoja kimoja, ni magamba ya kasa. Viweke mezani pamoja na miguu na vichwa vya manila ya kijani vilivyokwisha kukatwa, na watoto waanze kwa kuviunganisha na kuvipaka krayoni. Ndiyo shughuli ya nusu saa ya kwanza, wakati wageni wengine bado wako kwenye foleni ya magari. Yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wenye mikia inayoning'inia, hutengenezwa kwa kukunja kipande cha manila nyeupe kiwe kama kofia na kugandisha vipande virefu vya kreponi chini yake. Tundika matano dirishani, palipo na upepo. Kreponi ya buluu ikisokotwa na kupitishwa ukutani kwa mawimbi ni bahari tosha, na vibendera vya vitenge vilivyobaki vinamalizia. Kadi ya mwaliko ni nusu ya manila iliyokunjwa umbo la tanga. Usitumie zaidi ya jioni moja kuzitengeneza kadi hizo.

Baluni nimeziacha makusudi. Kipande cha baluni iliyopasuka kinaweza kumkaba mtoto mdogo koo, na papa mwenye upana wa mita moja na ushee ameshaijaza sebule.

Siku yenyewe

Tundika kila kitu jioni ya kuamkia sherehe, isipokuwa kreponi, ambayo hulegea kwa unyevu wa usiku. Hiyo itundikwe asubuhi. Panga mambo hivi: madoa ya papa na kasa saa tisa, kuvua saa tisa na nusu, kulisha papa saa kumi, chakula na keki saa kumi na nusu. Saa kumi na moja na nusu toa beseni mbili za maji nje, kwenye kivuli, na ugawe ngalawa. Usizigawe kabla ya keki, kwani hakuna atakayerudi mezani.

Weka karibu yako milingoti mitatu ya akiba, uzi, mkasi na gundi. Katika watoto 12, wawili watavunja mlingoti kabla ya kufika getini, na mmoja atakuja kukwambia kwamba ngalawa yake inakwenda kinyumenyume. Huyo wa mwisho mkazie demani.